Sindano ya Goti na Tarehe Isiyoandikwa

Milima ya Uluguru, ambayo kilele chake kirefu kuliko vyote, Kimhandu, chapita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, imewapa wakazi wake mvua nyingi, udongo uoteshao ndizi, mananasi, karafuu na mdalasini, na vijito viulishavyo Mto Ruvu ambao maji yake hunywewa hadi Dar es Salaam. Lakini imewatoza magoti yao. Mwanamke wa Kinole au wa Matombo aliyeanza kubeba mizigo kichwani tangu usichana wake, akishuka na ndizi kuja sokoni na kupanda tena jioni na chumvi, sabuni na mafuta, aghalabu hufika umri wa miaka sitini hali magoti yake yamevimba na kupinda, hayamruhusu tena kusujudu msikitini wala kupiga magoti kanisani. Ni kushuka, kuliko kupanda, kunakoliumiza goti, kwa sababu kila hatua ya mteremko huutua uzito wa mwili na wa mzigo pamoja juu ya goti lililokunjwa; na njia za Uluguru, kama ajuavyo kila aliyezipita wakati wa masika, ni mawe na matope yaliyopangana kwenda chini. Jamaa humwambia kuwa magoti yamesagika, au kwamba ute umekauka. Zahanati humpa vidonge. Vidonge vikishindwa, siku moja husikia kwa jirani habari za sindano ichomwayo ndani ya goti lenyewe, ambayo mtu aliyeingia chumbani kwa mkongojo hutoka nayo na baada ya siku mbili tatu akatembea, na tangu siku ile hana raha mpaka aipate.

Muradi wangu katika makala haya ni kuipima sindano hiyo ya steroidi, hasa inapotolewa kwa mtu anayengojea upasuaji, na hasa zaidi inapotolewa wakati nchi imekumbwa na tauni ya kifua kama ile iliyotufika mwaka 2020 na 2021. Wako watakaosema kwamba hilo ni shauri la mabingwa, tuwaachie wenyewe. Mimi naliona kuwa shauri la kila nyumba yenye mzee, kwa kuwa katika mkoa wetu wa Morogoro uamuzi huo mara nyingi hukatwa mbali na bingwa yeyote; na rai yangu, ambayo naitanguliza ili msomaji asihangaike kuitafuta, ni kwamba hatari kubwa ya sindano hii kwetu haimo katika dawa, imo katika kutoandikwa kwake.

Dawa yenyewe ina nasaba ya heshima. Mwezi wa Septemba 1948, katika Mayo Clinic huko Rochester, Minnesota, tabibu Philip Hench alimdunga mwanamke kijana aliyekuwa amelemazwa na baridi yabisi dawa iliyoigiza kile ambacho mwili hutengeneza katika tezi mbili zilizo juu ya figo, na ambacho mwenziwe, mwanakemia Edward Kendall, alikuwa amekichambua kwa miaka mingi. Na yule mwanamke, ambaye kugeuka kitandani kulikuwa kazi, baada ya siku chache akainuka akatembea. Mwaka 1950 wawili hao, pamoja na Tadeus Reichstein wa Uswisi, walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Mwaka uliofuata Joseph Hollander wa Philadelphia akatangaza matokeo ya kuichoma hidrokotisoni, dawa ya jamii hiyo hiyo, ndani ya kiungo kinachouma badala ya kuieneza mwili mzima, na kutoka hapo sindano ya goti ikaenea ulimwenguni.

Sisi wa Morogoro tunalo fungu letu katika habari hii, na ni fungu ambalo halisimuliwi. Hapo mwanzo dawa hizi zilikuwa adimu mno, maana zilitengenezwa kwa nyongo ya ng'ombe kupitia hatua nyingi za gharama, hata wanakemia wakalazimika kutafuta asili nyingine katika mimea. Na Waingereza wakaipata katika mkonge wa Afrika Mashariki, ndani ya yale maji ya kijani yawashayo ambayo humwagwa singa zinapokwanguliwa mashineni. Humo mna kitu kiitwacho hekojenini, na kampuni ya Glaxo ikakitumia kutengenezea steroidi zake. Wazee waliokata mkonge katika mashamba ya Kingolwira na Kimamba, wakalipwa kwa tita na kurudi kambini mikono imechubuka, walikuwa wakimwaga mtaroni kitu ambacho katika nchi nyingine kiligeuzwa kuwa shifaa, na ambacho leo wajukuu wao hukisafiria.

Basi dawa hufanya nini gotini? Huuzima uvimbe, na pamoja na uvimbe maumivu. Haioteshi gegedu iliyolika wala hainyoshi mfupa uliopinda. Nafuu yake huja ndani ya siku chache, hukaa wiki kadhaa, pengine miezi miwili au mitatu, kisha huondoka kama ilivyokuja. Mwaka 2017 madaktari wa Boston walitoa matokeo ya kuwafuata kwa miaka miwili wagonjwa 140 wa magoti, nusu wakichomwa steroidi iitwayo triamsinoloni kila baada ya miezi mitatu na nusu wakichomwa maji ya chumvi tu, wala mgonjwa hakujua fungu lake. Mwishoni wale wa dawa walikuwa wamepoteza gegedu zaidi, na maumivu yao hayakupungua kuliko ya wenzao. Asomaye hayo si lazima aitupe sindano, kwa maana faraja ya wiki sita kwa mtu asiyelala usiku ni neema kubwa; lakini yampasa aihesabu kuwa ni muhula aliopewa, na ajiulize huo muhula ataufanyia nini.

Fauka ya hayo, dawa haikai gotini peke yake. Sehemu yake huingia katika damu, ikampandishia sukari mwenye kisukari kwa siku kadhaa, na ikazifanya zile tezi zilizo juu ya figo zilegee na kulala, kwa kuwa kazi yao imekwisha fanywa na kitu kutoka nje. Huweza kulala wiki mbili, tatu, hata nne na zaidi. Mtu akiendelea na maisha yake ya kawaida hana habari nalo. Lakini akipasuliwa katika muda huo, au akishikwa na homa kali, mwili huzitaka tezi hizo ziitike kwa nguvu zote, nazo haziitiki. Shinikizo la damu likaporomoka hapo juu ya meza ya upasuaji, na mtoa ganzi, asiyejua kwamba wiki tatu nyuma mgonjwa alichomwa goti, akahangaika kutafuta sababu ambayo angeweza kuizuia kwa kipimo kidogo cha hidrokotisoni lau angeambiwa.

Upasuaji wa kuwekewa goti au nyonga bandia una hadhari ya ziada. Chuma na plastiki havina kinga. Kijidudu kimoja kikikaa juu yake hujenga makao ambayo antibayotiki haziyafikii, na aghalabu mgonjwa hulazimika kufunguliwa tena, kiungo kitolewe, kidonda kisafishwe, angoje miezi, kisha atiwe kingine. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa goti lililochomwa steroidi ndani ya miezi mitatu kabla ya kuwekewa kiungo bandia lina hatari kubwa zaidi ya kutunga usaha, ndiyo maana wapasuaji wengi ulimwenguni hukataa kuligusa kabla muda huo haujapita. Kwa mtu wa London hiyo ni kuahirisha tarehe. Kwa mtu wa Uluguru, aliyeuza mbuzi na kukopa kwa shangazi ili afike Taasisi ya Mifupa Muhimbili, takriban kilomita 190 kutoka Morogoro mjini, na kabla ya hizo kilomita ana zile za kuteremka mlimani, kurudishwa kwa sababu ya sindano aliyochomwa mwezi uliopita ni hasara ambayo hana wa kumfidia. Na akiificha ili asirudishwe, hasara itakayomfuata ni kubwa kuliko nauli.

Ndipo likaja gonjwa la korona, na mizani yote ikazidi uzito. Machi 16, 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini. Na katika majuma hayo hayo vyama vya madaktari wa Uingereza na kwingineko viliwashauri wanachama wao kwamba sindano za steroidi zisitolewe ila kwa mgonjwa ambaye maradhi yamemzidi na hana njia nyingine, na hata huyo apewe kipimo kidogo kiwezekanacho. Hoja yao ilikuwa ya hadhari zaidi kuliko ya ushahidi, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa mpya. Lakini haikuwa ya kubuni tu, kwa sababu mwaka 2018 watafiti wa Mayo Clinic walikuwa wameonyesha kwamba watu waliochanjwa homa ya mafua, kisha wakachomwa steroidi viungoni, waliugua homa hiyo zaidi kuliko waliochanjwa wasichomwe. Haikupita miezi mitatu, Juni 16, 2020, wataalamu wa Oxford wakatangaza habari iliyoonekana kuipinga ile ya kwanza: deksamethasoni, ndugu wa damu wa dawa hizi za magoti, kwa kipimo cha miligramu 6 kwa siku, ilikuwa imepunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa korona walio kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano miongoni mwa waliohitaji oksijeni bila mashine. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuleta faida yoyote.

Hapa wengi walichanganyikiwa, na nawasamehe, kwa kuwa hata maduka ya dawa yalichanganyikiwa yakaiuza kama kinga. Lakini hapakuwa na mgongano. Katika siku za mwanzo za maradhi mwili unahitaji askari wake wote dhidi ya kirusi, na anayewalaza kwa steroidi anamfungulia adui. Katika siku za mwisho, mapafu yanapoangamizwa na hasira ya kinga yenyewe, kuwalaza ndiko kunakookoa. Dawa ni ile ile, mtu ni yule yule. Kinachogeuza rehema kuwa madhara ni siku. Na hadhari moja zaidi yatuhusu sisi wa nchi za joto na udongo wenye unyevu, ambako watu hulima peku: wapo minyoo wadogo waitwao strongiloidi, wanaopenya katika nyayo na kuweza kukaa ndani ya mtu miaka mingi pasipo dalili, na ambao steroidi huwafungulia wakaenea mwili mzima. Madaktari waliokumbuka hilo waliwapa wagonjwa wao ivamektini kabla ya deksamethasoni. Si kwa korona, kwa ajili ya minyoo.

Tuje sasa kwenye mizani ya mgonjwa mmoja, ambaye nambuni ili hoja ionekane. Ni mama wa Mkuyuni, mwenye miaka sitini na minne, na mwezi ni Agosti 2021. Rais Samia Suluhu Hassan amekwisha kuchanjwa hadharani Julai 28, na chanjo za Janssen zaidi ya milioni 1 zimeingia nchini. Mama huyu ameahidiwa upasuaji wa nyonga mwezi wa Oktoba. Goti lake linamuuma hata hawezi kufika choo cha nje usiku. Mwezi wa Julai aliugua homa na kikohozi, akajifukiza nyungu, akapona, hakupimwa. Je, achomwe sindano? Upasuaji u karibu mno: sindano ya Agosti humfikisha Oktoba kabla miezi mitatu haijatimia, na ijapokuwa hadhari hiyo inahusu zaidi kiungo chenyewe kitakachobadilishwa, tezi zake na sukari yake vitaguswa hata kama sindano ni ya goti na upasuaji ni wa nyonga. Chanjo nayo yadai nafasi yake, maana baadhi ya vyama vya mabingwa vilishauri pawepo wiki kama mbili kati ya steroidi na chanjo. Na ile homa ya Julai ilikuwa nini? Swali hilo lina uzito wa uhai: uchunguzi uliokusanya wagonjwa 140,231 wa upasuaji katika nchi 116, na kuchapishwa Machi 2021, ulionyesha kuwa kati ya wasiopata korona asilimia 1.5 walifariki ndani ya siku 30, ilhali kati ya waliopasuliwa ndani ya wiki mbili baada ya kugunduliwa nayo walifariki asilimia 4.1, na hatari haikurudi mahali pake mpaka ilipofika wiki ya saba.

Tazama basi kwamba kila uzito unaowekwa katika mizani hii ni tarehe. Tarehe ya sindano, tarehe ya homa, tarehe ya chanjo, tarehe ya kisu. Tabibu mwenye elimu yote ya Oxford, akinyimwa tarehe hizo, hana zaidi ya kubahatisha. Na sisi tulikuwa katika nchi ambayo tangu Mei 2020, baada ya kutangaza wagonjwa 509 na vifo 21, iliacha kutangaza hesabu hadi katikati ya mwaka uliofuata. Tukazika watu waliosemwa kuwa na changamoto ya kupumua, na aliyetaka kujua kama alichougua mwezi uliopita ndicho hicho hakuwa na wa kumwambia. Nasema wazi kwamba lilikuwa kosa, na mzigo wake uliwaangukia zaidi wale ambao uamuzi wao wa tiba ulitegemea kujua. Taifa lisiloandika maradhi yake haliwezi kumlaumu mkulima kwa kutojua jina la sindano aliyochomwa.

Wala sikubaliani na wale ambao, kwa kuogopa yote haya, wangetaka sindano ifungiwe kabisa tauni inapoingia. Maumivu si jambo dogo la kuvumiliwa na maskini kwa niaba ya tahadhari ya wengine. Mkulima asiyeweza kuinama msimu wa kupanda hana chakula msimu wa kuvuna, na mtu aliyenyimwa sindano haketi akingoja: huenda dukani akanunua diklofenaki, akaimeza asubuhi na jioni kwa miezi, bila mtu kumpima figo wala shinikizo la damu, hata siku moja anatapika damu au anavimba miguu. Hatari hiyo ni ya kila siku na haina tauni. Tena taarifa zilizokusanywa baadaye kuhusu watu waliochomwa viungo katika kipindi cha korona, kwa uangalifu na kwa kuchaguliwa, hazikuonyesha ule msiba uliohofiwa mwanzoni. Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba mgonjwa ambaye maumivu yamemzidi, asiye na homa, ambaye upasuaji wake hauko karibu au haupo kabisa, apewe sindano hata wakati wa tauni, kwa kipimo kidogo, baada ya kuelezwa; na yule ambaye upasuaji wake umepangwa ndani ya miezi mitatu asipewe, bali asaidiwe kwa mkongojo, kwa mazoezi ya misuli ya paja, kwa parasetamoli, na kwa watoto wake kumpokonya mzigo kichwani. Barabara nayo ni tiba: tangu bodaboda zianze kupanda vijiji vya milimani, mizigo mingi imehama kutoka vichwani, na laiti njia hizo zingetengenezwa vizuri, tungekuwa na magoti machache ya kuchoma.

Lakini hukumu hii, au nyingine yoyote iliyo bora kuliko yangu, haina pa kusimama pasipo maandishi. Kila mgonjwa wa mkoa huu hubeba daftari lake kwenda zahanati, lile daftari la shule lenye jina na umri juu yake, na ndani yake tabibu huandika malalamiko na dawa. Lakini sindano ya goti, hasa ile inayochomwa katika chumba cha nyuma cha duka au na mhudumu aliyeitwa nyumbani, huachwa nje ya daftari, pengine kwa haraka, pengine kwa kuwa mchomaji anajua hana idhini. Mgonjwa huondoka akijua tu kwamba alichomwa dawa nyeupe kama maziwa. Akiulizwa Muhimbili ni dawa gani, goti lipi, lini, kipimo gani, hujibu kwa heshima kwamba daktari ndiye ajuaye.

Wala tusidhani kuwa Mluguru hupendelea kutojua. Historia yake yasema vingine. Mwaka 1955, Serikali ya kikoloni ilipomlazimisha achimbe matuta ya ngazi katika mashamba yake ili kuzuia mmomonyoko, bila kumshawishi kwamba yana faida wala kusikiliza elimu yake ya udongo ule, watu walikusanyika Matombo wakaukataa mradi, mtu mmoja akapoteza maisha, na mradi ukaachwa. Kuzuia mmomonyoko lilikuwa jambo jema. Kuamriwa bila kuelezwa ndiko kulikoshindwa. Tabibu anayeinamia goti la bibi na sindano mkononi bila kumwambia jina la dawa, faida yake, muda wake na madhara yake, anarudia kosa lile lile, na hastahili kushangaa bibi anapokwenda kwa mwingine mwezi ujao na kuchomwa mara ya pili.

Tauni hazijatuaga. Mwaka 2023, na tena Januari 2025, virusi vya Marburg vilithibitishwa mkoani Kagera, na kirusi kingine cha kifua kitakuja siku ambayo hatuichagui. Wizara ya Afya ina uwezo, bila kujenga jengo hata moja, kuagiza kwamba hakuna steroidi itakayochomwa kiungoni pasipo mchomaji kuandika katika daftari la mgonjwa jina la dawa, kipimo, kiungo, tarehe na sahihi yake, na kwamba kila hospitali ya upasuaji imuulize mgonjwa habari hiyo kabla ya kumpangia siku. Na wewe msomaji, ikiwa una mama, shangazi au bibi anayeuguza magoti, mwulize leo kama amewahi kuchomwa, na lini. Akienda tena kuchomwa, fuatana naye, mwamkie tabibu kwa adabu, na usitoke chumbani mpaka mambo hayo matano yameandikwa kwa kalamu.